Kitanda Hakipandi Ngazi: Historia ya Lifti na Hospitali Zetu

Leo tuweke kando hifadhidata na seva, tuzungumze kuhusu mtambo ambao wengi wetu tunaupanda kila siku bila kuufikiria: lifti. Najua wengine mtauliza, mtunzi wa programu na lifti wapi na wapi? Subirini kidogo. Mbele ya safari mtaona kwamba lifti na diski ya kompyuta ni ndugu wa toka nitoke.

Lakini sababu hasa ya kuandika ni hii. Ukisimama hapa Dagoretti Corner, pale Ngong Road inapokutana na Naivasha Road, ukatazama upande wa Kawangware, kisha ugeuke utazame upande wa Riruta na Ngando, utaona mji unapanda juu. Ploti ni ghali, na anayetaka kujenga hana pa kutanuka ila angani. Hospitali na zahanati za binafsi nazo hazina njia nyingine: nyingine zinaanza katika jengo lililojengwa kama nyumba za kupanga, kwenye ghorofa mbili za chini, kisha wagonjwa wakiongezeka zinapanda hadi ya 4 na ya 5. Hapo ndipo swali la lifti linapoacha kuwa la urembo likawa la uhai. Mama aliyetoka kujifungua kwa upasuaji hawezi kuambiwa ashuke polepole akishika ukuta. Mtu mwenye mshtuko wa moyo hawezi kubebwa kwa shuka na wanaume wanne kwenye kona za ngazi nyembamba. Kitanda hakipandi ngazi.

Basi ikiwa hospitali itanunua lifti, inunue ipi? Wauzaji watakuletea picha za vioo na taa za buluu. Mimi nadhani jibu liko katika historia, kwa sababu kila sehemu ya lifti ya leo ilizaliwa kujibu hofu fulani ya watu wa wakati wake. Ukizijua hofu zao, utajua pia ni hofu ipi ya kwako ambayo muuzaji hajaijibu.

HOFU YA KWANZA: KAMBA IKIKATIKA

Vyombo vya kuinua mizigo kwa kamba na gurudumu ni vya kale sana. Tatizo halikuwa kuinua. Tatizo lilikuwa kwamba kamba ikikatika, kilicho juu kinarudi chini kwa kishindo. Gunia la ngano likianguka ni hasara, mtu akianguka ni msiba. Kwa hiyo lifti zilibaki za mizigo, na majengo yakabaki mafupi.

Aliyebadilisha mambo ni fundi mmoja Mmarekani, Elisha Otis. Mwaka 1854, katika maonyesho ya Crystal Palace mjini New York, alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa mbele ya umati, kisha akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo likanasa. Siri yake ilikuwa springi: kamba ikiwa imekazwa springi inabanwa, kamba ikilegea springi inafunguka na kusukuma meno yanayouma reli za pembeni. Hebu tazama ubora wa wazo hili. Breki haingoji mtu abonyeze kitu. Hali ya kawaida ya mtambo ni kusimama, na ni kamba nzima tu inayoupa ruhusa ya kutembea. Sisi watunzi wa programu tungesema mfumo ukifeli, unafeli kwa usalama. Mwaka 1857 lifti ya abiria ya kampuni yake iliwekwa katika duka la E.V. Haughwout, New York, jengo la ghorofa 5. Ilikwenda pole pole, kama sentimita 20 kwa sekunde, lakini watu walipanda.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Mwaka 1880 Werner von Siemens alionyesha lifti ya umeme katika maonyesho ya Mannheim, Ujerumani. Mwaka 1887 Alexander Miles, Mmarekani mweusi wa mji wa Duluth, alipata hataza ya utaratibu wa milango inayojifunga yenyewe, kwa sababu watu walikuwa wakitumbukia katika shimo la lifti baada ya mlango kuachwa wazi. Na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaenea lifti ya kuvutwa na gurudumu la umeme, ile ambayo bado ndiyo baba wa lifti nyingi za leo. Kibanda kimefungwa upande mmoja wa kamba za chuma, na upande wa pili pana chuma kizito cha kusawazisha. Uzito wa chuma hicho huwa ni sawa na kibanda kitupu pamoja na karibu nusu ya mzigo wake wa juu kabisa. Ndiyo maana mota haibebi uzito wote. Inabeba tofauti tu, kama muuza viazi anayeongeza kipande kidogo kwenye mizani.

LIFTI INAFIKA KWETU

Kwetu Afrika Mashariki hadithi huanzia Zanzibar. Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, ilijengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash bin Said pale Forodhani. Katika historia ya Mji Mkongwe jengo hilo hutajwa kuwa la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme, na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Jina lenyewe linakwambia watu walivyolitazama. Lifti ilikuwa ajabu la ikulu, chombo cha kuonyesha ukuu. Hakuna aliyeifikiria kama chombo cha kumbeba mgonjwa.

Huku bara umeme wenyewe ulichukua muda. Kampuni za umeme za Mombasa na Nairobi ziliunganishwa mwaka 1922 zikawa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina ikawa Kenya Power and Lighting. Na hospitali za wakati wa ukoloni hazikuhitaji lifti sana. Ardhi ilikuwapo, kwa hiyo wodi zilijengwa kama mabanda marefu ya chini yaliyounganishwa na vijia vyenye paa. Kitanda kilisukumwa tu.

Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ni mfano mzuri wa mabadiliko hayo. Ilianza mwaka 1901 ikiitwa Native Civil Hospital, ikiwa na vitanda 40. Mwaka 1952 ikapewa jina la King George VI, na baada ya uhuru ikaitwa Kenyatta. Kisha Nairobi ikakua, na hospitali ikapanda juu: jengo kuu la ghorofa 10 ambalo ujenzi wake ulikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo hospitali hiyo inatajwa kuwa na vitanda kama 1,800. Linganisha 40 na 1,800 na utaelewa kwa nini mabanda ya chini hayakutosha.

Huo ulikuwa pia wakati wa fahari ya majengo marefu mjini. KICC ilijengwa kati ya mwaka 1967 na 1973, ghorofa 28 na mita 105, kazi ya msanifu Mnorwe Karl Henrik Nøstvik akishirikiana na David Mutiso. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya jengo la ofisi na la hospitali, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoteleza. Katika ofisi, lifti ikiharibika watu watanung'unika na kupanda ngazi. Katika hospitali, lifti ikiharibika chumba cha upasuaji kimehama nchi.

VIPIMO KWANZA, UREMBO BAADAYE

Kabla sijafika kwenye programu, niseme jambo la mkanda wa kupimia. Lifti ya kawaida ya watu 8, ile ya kilo 630, ina kibanda cha upana wa mita 1.1 na kina cha mita 1.4. Kitanda cha hospitali kina urefu wa zaidi ya mita 2. Hakiingii, hata ukikiegemeza. Kiwango cha kimataifa cha lifti za huduma za afya kina kundi lake kabisa. Lifti ya kilo 1,600 ina kibanda cha mita 1.4 kwa 2.4. Ya kilo 2,000 ni mita 1.5 kwa 2.7. Ya kilo 2,500 ni mita 1.8 kwa 2.7, ambayo inachukua kitanda, mashine zake na wauguzi wanaosimama pembeni wakiendelea na kazi. Milango ya hizi ni ya mita 1.3.

Sasa rudi kwenye lile jengo la nyumba za kupanga lililogeuzwa hospitali. Shimo la lifti lilichorwa kwa ajili ya wapangaji wenye mifuko ya ununuzi. Huwezi kulipanua bila kubomoa nguzo na mihimili. Ukweli mchungu ni kwamba teknolojia ya lifti ya hospitali inachaguliwa siku msanifu anapochora jengo. Siku ya kwenda dukani huwa imechelewa. Kama shimo ni dogo, hakuna programu itakayolitanua.

Jambo jingine dogo lenye uzito ni usawa wa sakafu. Kiwango cha Ulaya kinataka lifti isimame ndani ya milimita 10 za sakafu ya ghorofa, na isizidi tofauti ya milimita 20 wakati wa kupakia. Mtu mzima akikuta kingo ya sentimita 5 anaivuka. Gurudumu la kitanda chenye mgonjwa wa uti wa mgongo likigonga kingo hiyo, mgonjwa anaisikia.

UBONGO WA LIFTI

Sasa tufike nyumbani kwangu. Zamani lifti iliendeshwa na mtu aliyekaa ndani akishika mkono wa chuma. Mwezi Septemba 1945 waendeshaji lifti wa New York waligoma kwa maelfu, na mji ukakwama. Tukio hilo linatajwa sana kama moja ya mambo yaliyowasukuma wenye majengo kuelekea lifti za kujiendesha. Ubongo wa kwanza wa lifti hizo ulikuwa rilei, vidude vya sumaku vinavyofunga na kufungua mkondo wa umeme. Ukiingia chumba cha mashine cha lifti ya zamani utasikia vikipiga makofi: ta, ta, ta. Hiyo ni programu inayosikika kwa masikio! Baadaye mikroprosesa zikachukua nafasi, na kabati zima la rilei likawa kadi moja.

Swali ambalo ubongo huo unajibu ni lile lile: watu wameita kutoka ghorofa mbalimbali, twende wapi kwanza? Jibu la haraka ni kwenda kwa aliye karibu zaidi. Linaonekana la busara, lakini lina sumu ndani. Fikiria matatu ya 111 inayotoka mjini kwenda Ngong, na dereva ameamua kila mara kumfuata abiria aliye karibu naye. Pale Prestige abiria hawaishi, Adams hawaishi, Dagoretti Corner ndiyo usiseme. Atazunguka hapo hapo mchana kutwa, na mama anayengoja Karen hatamwona kamwe. Kwa lugha yetu tunasema ombi lake limekufa njaa.

Dawa ni ile ambayo kila makanga anaijua: chagua upande mmoja, nenda hadi mwisho ukichukua wote walio njiani, kisha geuka. Hiyo ndiyo algoriti ya lifti. Na kompyuta ziliiazima waziwazi. Kichwa cha kusoma diski kinatembea ndani na nje kama kibanda kinavyopanda na kushuka, na maombi ya data ni abiria. Kwa miaka mingi ndani ya kerneli ya Linux sehemu ya kupanga foleni ya diski iliitwa kwa jina la lifti. Donald Knuth naye, katika juzuu ya kwanza ya kitabu chake maarufu cha algoriti kilichotoka mwaka 1968, alitumia lifti ya jengo la hisabati la Caltech kama mfano wa kufundisha uigaji. Nilisema ni ndugu wa toka nitoke, sikutania.

Miaka ya 1990 ikaja hatua nyingine: badala ya kubonyeza juu au chini, unabonyeza ghorofa unayokwenda ukiwa bado nje, na mfumo unakuambia upande lifti gani. Kampuni ya Schindler ilitoa mfumo wake wa Miconic 10 mwanzoni mwa muongo huo, ingawa wazo lenyewe lilikuwa limesajiliwa na Leo Port kule Sydney miaka ya 1960. Wanaokwenda mahali pamoja wanakusanywa pamoja, na foleni inapungua. Kwa mnara wa ofisi asubuhi, ni jambo zuri sana.

WASTANI NI ADUI WA MGONJWA

Lakini hapa nataka tusimame. Algoriti hizi zote, za zamani na mpya, zinapimwa kwa muda wa wastani wa kungoja. Muuzaji atakuonyesha jedwali: wastani sekunde 30, mshindani wake sekunde 38. Wastani ni kipimo sahihi kwa ofisi, kwa sababu kila abiria ana thamani sawa na mwingine na kuchelewa kwake si janga. Hospitali haiko hivyo. Wageni 99 wa saa ya kutembelea wagonjwa wakingoja sekunde 20 na mgonjwa mmoja wa dharura akangoja dakika 4, wastani bado unapendeza. Mgonjwa ndiye hayupo kuusoma.

Hospitali inapaswa kuuliza: katika hali mbaya kabisa, kitanda cha dharura kitangoja muda gani? Hilo ni swali tofauti, na lina jibu tofauti. Tufanye hesabu ya kwenye karatasi. Tuseme chumba cha dharura kiko chini na upasuaji uko ghorofa ya 6, kama mita 20 juu. Lifti ya mita 1 kwa sekunde inachukua sekunde 20. Ukilipa zaidi ununue ya mita 2 kwa sekunde, unaokoa sekunde 10, na kwa kweli pungufu ya hapo, maana lifti inahitaji muda wa kushika kasi na kupunguza. Sasa tuseme njiani inasimama mara 5 kupakia na kushusha wageni, na kila kusimama ni sekunde 15. Hizo ni sekunde 75. Ukiweka swichi ya funguo inayofuta maombi yote na kuipeleka lifti moja kwa moja, unaokoa zile 75. Swichi ni kitu kidogo na mota ya kasi ni ghali. Wengi wananunua mota.

Swichi hiyo kwa lugha yetu ni kukatiza: ombi lenye kipaumbele linasimamisha kazi iliyokuwa ikiendelea. Ina kanuni zake. Nani ana funguo au kadi? Wageni walio ndani watashushwa ghorofa gani? Dharura mbili zikiita kwa pamoja, nani kwanza? Na baada ya dharura nani anairudisha lifti kwenye kazi ya kawaida? Haya si maswali ya fundi peke yake. Muuguzi mkuu wa zamu ya usiku anayajua majibu kuliko mhandisi yeyote, na hapaswi kukosekana mezani siku ya kuandika zabuni.

STIMA IKIPOTEA

Hofu ya New York mwaka 1854 ilikuwa kamba. Hofu yetu ni stima. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru, na karibu nchi nzima ikawa gizani. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya laini ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka, giza tena. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea usiku na katika sehemu nyingi ikakaa kwa saa nyingi, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa. Anayenunua lifti ya hospitali Nairobi bila kufikiria siku hizo ananunua kibanda cha kufungia watu.

Hapa aina za lifti zinaachana njia. Ya kwanza ni ya mafuta, ambapo pampu inasukuma bastola inayoinua kibanda. Uzuri wake ni kwamba stima ikipotea, betri ndogo inafungua vali na kibanda kinashuka chenyewe taratibu hadi chini. Ubaya wake ni nguvu, kwa sababu kwa kawaida haina chuma cha kusawazisha. Tuseme kibanda kina kilo 1,500 na mzigo ni kilo 2,000. Kuinua kilo 3,500 kwa mita 1 kwa sekunde kunahitaji kama kilowati 34 kabla ya kuhesabu upotevu. Lifti ya kamba yenye kusawazisha nusu ya mzigo inapambana na tofauti ya kilo 1,000 tu, yaani kama kilowati 10. Jenereta yako inaijua tofauti hiyo, na anayelipa dizeli anaijua zaidi. Kwa hiyo lifti ya mafuta hufaa majengo mafupi, ghorofa 2 au 3, yenye safari chache.

Ya pili ni ya kamba yenye chumba cha mashine juu ya jengo. Ya tatu ni ile isiyo na chumba cha mashine, iliyoanza kuenea baada ya kampuni ya KONE ya Finland kutoa MonoSpace mwaka 1996. Mota yake ya sumaku za kudumu ni nyembamba kiasi cha kukaa ndani ya shimo lenyewe. Mwaka 2000 Otis ikaja na mikanda bapa yenye nyaya za chuma ndani badala ya kamba za duara. Teknolojia hizi zinaokoa nafasi na stima, na nyingine zinarudisha umeme kwenye jengo kibanda kinaposhuka kikiwa kizito. Lakini usisahau kwamba fundi atafanyia kazi mahali pa mota. Chumba cha juu kina mlango na taa. Ndani ya shimo, kazi ile ile inaweza kuchukua muda mrefu zaidi.

Yoyote utakayochagua, mambo mawili ni ya lazima. Kwanza, betri ya uokoaji inayopeleka kibanda ghorofa ya karibu na kufungua mlango. Pili, jenereta inayojiwasha (kanuni za Marekani kwa mizigo ya dharura ya hospitali zinataka umeme urudi ndani ya sekunde 10) pamoja na mpangilio wa kuziamsha lifti moja baada ya nyingine, maana zikianza zote kwa pamoja jenereta inaweza kuzidiwa. Na kwa kuwa vidhibiti vya leo ni kompyuta, vinahitaji kinga dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Rilei za zamani zilivumilia mambo mengi ambayo kadi ya leo haiyavumilii.

MOJA HAITOSHI

Sasa hesabu ya mwisho. Tuseme lifti moja inafanya kazi asilimia 95 ya wakati. Inasikika vizuri, sivyo? Maana yake ni kwamba kwa mwaka imelala siku 18. Weka mbili zinazojitegemea, na uwezekano wa zote kulala pamoja ni asilimia 0.25, kama saa 22 kwa mwaka. Lakini neno zito hapo ni kujitegemea. Zikitumia waya mmoja wa umeme na jenereta moja, zitalala pamoja. Afadhali lifti mbili za kawaida zenye njia tofauti za umeme kuliko moja ya kifahari. Na kwa hospitali ya ghorofa 2 yenye ploti ya kutosha, rampu ya zege bado ni teknolojia bora: haina programu, haina stima, na haijawahi kufungia mtu ndani.

Kuna na kufungiwa kwa aina nyingine, ambako sisi wa kompyuta tunakujua vizuri. Vidhibiti vingi vya kisasa havifunguki bila kifaa au neno la siri la aliyekiuza. Siku mkataba ukiisha, au wakala akifunga ofisi, hospitali inabaki na mashine nzima isiyoweza kusomwa na fundi mwingine. Lifti huishi miaka 20 au zaidi, programu na vipuri vyake huzeeka mapema. Kwa hiyo swali la nani anashika funguo za programu liandikwe ndani ya mkataba kabla ya sahihi, si baada ya mlango kukwama.

Nikiwa mwanakamati wa hospitali yoyote kati ya Adams na Kawangware, ningeuliza haya kwa mpangilio huu:

1. Kitanda chetu, pamoja na mashine na wauguzi wawili, kinaingia? Kipimwe.
2. Lifti ziko ngapi, na kitu gani kimoja kikiharibika kinazilaza zote?
3. Dharura ikiita, kitanda kitangoja muda gani katika hali mbaya kabisa?
4. Stima ikipotea sasa hivi, nini kinatokea katika sekunde ya 1, ya 10 na dakika ya 5? Mjaribu mbele yetu.
5. Fundi aliye karibu yuko wapi, na vipuri viko Nairobi au ng'ambo?
6. Nani ana funguo za programu?
7. Nani atatia sahihi ukaguzi wa kila miezi 6 unaotakiwa na sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007?

Kasi na vioo ningeviuliza mwisho kabisa, kama muda ungebaki.

Nyumba ya Maajabu iliponea mizinga ya Waingereza mwaka 1896, lakini sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati. Ajabu la kwanza ni kukijenga kitu, la pili, lililo gumu zaidi, ni kukitunza kikawa kinafanya kazi Jumanne ya kawaida saa nane usiku. Hospitali haihitaji lifti ya maajabu. Inahitaji ile ambayo muuguzi akibonyeza kitufe hana haja ya kuomba dua.